Mtungi wa kilo 15 haufikishi hata siku 40, na mzee anasema mimi ndiye ninayefuja gesi

SWALI

Mimi ni mama wa miaka 63, naishi Tanga mjini. Mume wangu alistaafu mwaka jana baada ya miaka 31 ya kazi ya bohari, na sasa tumebaki wawili tu nyumbani. Natumia jiko la gesi la plate mbili na mtungi wa kilo 15. Zamani mtungi ulinifikisha miezi miwili, sasa siku 35 umeisha. Moto umekuwa wa njano, masufuria yanatoka meusi kama nimepikia kuni, na maharage yaliyokuwa yakiiva kwa saa moja na nusu sasa yanakaa jikoni masaa matatu na bado yanagoma. Kila mtungi ukiisha mzee ananiuliza gesi yote nimeipeleka wapi. Yeye mwenyewe anataka maji ya kuoga ya moto kila alfajiri, nachemsha sufuria la lita 6, na chai tatu kwa siku badala ya ile moja ya asubuhi. Jirani ananiambia nauziwa mtungi nusu. Nianzie wapi?

JIBU

Shikamoo mama, na pole kwa maneno hayo ya kila mwezi. Kwa maelezo uliyotoa, sioni gesi inayofujwa. Naona gesi inayotumika. Jiko lililokuwa likimhudumia mtu mmoja mchana kutwa sasa linahudumia wawili, na mtungi ni ule ule. Juu ya hapo una matatizo mawili yanayotibika, bana iliyoziba (bana ni kile kichwa cha jiko kinachotoa moto) na maharage yaliyozeeka. Yote mawili nitayaeleza kwa kirefu, lakini kuna kazi moja ya kufanya leo kabla hujawasha moto wa jioni, nayo ni kuhakikisha gesi haivuji.

Tia maji nusu kikombe, ongeza kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, koroga mpaka yatoe povu zito. Zima plate zote mbili ila acha mtungi umefunguliwa. Kwa sifongo au mswaki wa zamani, paka povu lile shingoni mwa mtungi, pale regulata, kile kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi, inapokaa, kisha mahali mpira unapoingia kwenye regulata, kisha mpira mzima kwa urefu wake, na mwisho pale unapoingia nyuma ya jiko. Angalia kila sehemu kwa muda wa kuhesabu hadi 30. Mapovu yakianza kufura na kuongezeka, gesi inatoka hapo. Usijaribu kwa kiberiti hata siku moja, hata kama umewahi kumwona fundi akifanya hivyo.

Ukiona panavuja, funga mtungi. Mara nyingi kosa huwa kwenye pete ndogo ya mpira iliyo ndani ya mdomo wa mtungi, ambayo hukatika au hubaki haipo kabisa mtungi unapobadilishwa. Mtungi wa namna hiyo unarudi dukani siku hiyo hiyo. Kama ni klampu ya mpira imelegea, ikazwe kwa bisibisi, isikazwe mpaka ikaukata mpira. Na mpira wenyewe ukikunjwa ukaonyesha nyufa ndogo ndogo, au umekuwa mgumu kama plastiki, ubadilishe bila kusubiri. Nunua ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, wenye maandishi na tarehe ubavuni, usizidi mita moja na nusu, na usipite nyuma ya jiko unakoguswa na joto. Mpira wa maji wa bustanini haufai hata kwa siku moja.

Nimeanza na hili kwa sababu pua hupungua nguvu umri unaposonga. Gesi yenyewe haina harufu. Ile ya yai bovu hutiwa kiwandani makusudi ili mtu astuke. Usitegemee pua yako peke yako, wala ya mzee. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, kwa hiyo jiko la mkaa lisikae chumba kimoja na mtungi. Ukihisi harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala usizime taa, toka nje, na simu upigie huko nje.

Sasa twende kwa jirani na mtungi nusu. Hilo halijadiliwi kwa maneno, linapimwa. Kwenye kola ya mtungi, pale juu pa kushikia, pamegongwa au pamepakwa namba yenye herufi T.W. au neno Tare. Huo ndio uzito wa mtungi mtupu. Tuseme imeandikwa 15.6. Mtungi uliojaa unatakiwa usome kilo 30.6. Muuzaji wa gesi ya mitungi anatakiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, awe na mizani dukani na akupimie mbele ya macho yako, kwa hiyo humwombi hisani, unadai haki yako. Asome namba ya mtungi, apandishe, mjumlishe pamoja. Upungufu wa gramu mia au mbili unaweza kuwa wa mizani. Ukipungua kilo nzima, usiuchukue. Na kifuniko cha plastiki chenye lakiri kiwe kizima unapofika dukani. Kama kimeshabanduka, chagua mwingine.

Nyumbani mizani ile ya bafuni ya kupimia watu, ya dijitali, inatosha. Iweke kwenye sakafu ngumu, isawazishe, mpe kijana anyanyue mtungi auweke juu yake umesimama. Wewe usiunyanyue, kilo 30 kwa mgongo wa miaka 63 ni kutafuta ugonjwa. Pima kila Jumapili saa ile ile, andika, toa uzito wa mtungi mtupu, hapo unajua kilo ngapi zimebaki. Kutikisa mtungi au kuugonga kusikiliza sauti hakukuambii kitu cha kutegemea.

Ukishakuwa na namba, hesabu ya nyumba yako inaanza kujieleza yenyewe. Kilo 15 kwa siku 60 ni gramu 250 kwa siku. Kilo 15 kwa siku 35 ni kama gramu 430 kwa siku. Kwa hiyo kuna gramu 180 mpya kila siku, na hizo ndizo mzee anazouliza zimekwenda wapi.

Kilo moja ya gesi ina joto la takribani yuniti 12.8, zile zile yuniti za umeme unazozijua kwenye mita ya Luku. Jiko la kawaida hufikisha karibu nusu ya joto hilo ndani ya chombo, nusu nyingine hupotelea hewani. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka kwenye bomba mpaka yatokote hula kama gramu 27 za gesi. Lita 6 za maji ya kuoga hula gramu 80. Chai mbili za ziada kwa birika la lita 2 ni gramu 54. Tayari tuko kwenye 134. Ongeza saa moja na nusu ya ziada ya maharage kwenye moto mdogo, ambao hula kama gramu 50 kwa saa, mara tatu kwa wiki, na ukigawa kwa siku saba unapata gramu 30 na kitu kwa siku. Jumla ni 165 na ushei, na hapo hatujagusa wali wa mchana, ilhali zamani huenda mchana ulikuwa ukijipashia kiporo cha jana tu. Haya ni makadirio, mizani yako itasema zaidi, lakini unaona mwenyewe hakuna mahali palipobaki pa kukuita mfujaji. Na kubwa kuliko zote ni maji ya kuoga: gramu 80 kila alfajiri ni kilo 2.4 kwa mwezi.

Maji hayo hayahitaji kuwa lita 6. Weka kwenye ndoo lita 10 za maji ya bomba. Chemsha lita 2 tu, birika moja, yatokote kweli kweli. Mimina juu ya yale ya baridi, koroga kwa kata. Maji ya Tanga yanayotoka bombani yakiwa na nyuzi 25 hivi, utapata lita 12 za nyuzi 37 au 38, yaani joto la mwili wa mtu. Mzee ataoga vizuri na yatabaki ya kumwagia mgongo. Sufuria la lita 6 linakwenda kwa mazoea tu: maji yanachemka, halafu yanaongezewa ya baridi mengi mpaka ndoo inafurika, au yanaachwa yapoe yenyewe na joto linapotea bure. Kumbuka utaratibu: ya baridi kwanza ndooni, ya moto baadaye, na ndoo iwekwe bafuni kabla, lile birika ndilo lipelekwe. Kubeba sufuria la maji yanayotokota kwenye korido gizani alfajiri ndiko wazee wengi wanakoungulia miguu.

Akikubali kuoga jioni badala ya alfajiri, hata hiyo birika haihitajiki siku za jua. Dumu jeusi la lita 20 likilazwa juu ya bati au kwenye sakafu ya ua kuanzia saa nne asubuhi, ifikapo saa kumi jioni maji yake yana joto la kuoga bila kuchanganya. Dumu la njano hupata joto pia, ila jeusi hushinda.

Chai usiichemshe mara tatu. Chemsha asubuhi mara moja, tia kwenye chupa ya chai. Kwanza isuuze chupa kwa maji yanayotokota, ifunike dakika tano, mwaga, ndipo utie chai. Chupa iliyotiwa chai ikiwa ya baridi hupoteza joto la kwanza kwa kujipasha yenyewe. Ijaze hadi karibu na kizibo, maana chupa iliyojaa nusu hupoa haraka. Chai ya rangi yenye hiliki, mchaichai au tangawizi hukaa mpaka jioni. Chai ya maziwa usiiache kwenye chupa zaidi ya saa nne, huchacha, na kwa tumbo la mzee si jambo la mchezo. Maziwa yatiwe kikombeni.

Sasa moto wa njano. Huo ndio unaotia masufuria masizi, na masizi ni gesi ambayo haikuungua ikaisha. Zaidi ya hasara, moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo mpaka umesafisha jiko, pika dirisha likiwa wazi. Kwanza tofautisha. Ukiona miali ya rangi ya chungwa inayoruka ruka ndani ya moto wa bluu, hasa maji ya chumvi yakifurika au upepo wa bahari unapovuma, hiyo ni chumvi tu inatia moto rangi, haina neno. Moto mbaya ni ule mrefu, mlegevu, wenye ncha za njano zinazoyumba. Kuhakiki, shika kijiko cha bati kwa koleo, kipitishe juu ya ncha za moto kwa sekunde tano. Kikitoka na weusi, jiko halipati hewa ya kutosha.

Kusafisha hakuhitaji fundi. Funga mtungi, subiri jiko lipoe. Ondoa stendi za juu, kisha inua bana, kile kichwa chenye matundu pembeni ambamo moto hutoka. Kwenye majiko mengi bana ina vipande viwili, kofia ya juu na kikombe chake cha chini. Vitie kwenye beseni la maji moto yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa. Usitie magadi wala soda ya kuzibulia mabomba kama bana ni ya alumini, vitaila na kuitia weusi. Baada ya hapo sugua kwa mswaki. Kila tundu lipitishe waya mwembamba au sindano, taratibu, uji na maziwa yaliyogandia yatoke. Usitumie njiti ya kiberiti wala ya kuchokonolea meno, ikikatikia ndani umejiongezea kazi. Inua bana kuelekea dirishani uangalie: mwanga upite kila tundu, yote, si mengi tu. Suuza, kung'uta, anika juani saa nzima. Bana yenye maji hupiga pwa-pwa na kutoa moto wa ajabu, watu wakadhani wameiharibu.

Wakati bana imo juani, tazama chini yake. Kuna bomba fupi lililotanuka mdomo, na mwanzoni mwa bomba hilo kuna nozeli ya shaba, ndogo kama kichwa cha msumari, yenye tundu lisilofika milimita moja. Katika bomba hilo buibui hupenda kujenga, na utando mmoja tu unatosha kugeuza moto kuwa wa njano. Pitisha brashi nyembamba ya kuoshea chupa za watoto, izungushe, itoe. Lakini nozeli usiichokoe kwa sindano. Tundu lake limepimwa. Likipanuka hata kidogo, gesi itatoka nyingi kuliko hewa inayoingia, moto utabaki wa njano daima na mtungi utaisha upesi zaidi. Futa nozeli kwa kitambaa chenye sabuni, pulizia, basi. Hapa ndipo majiko mengi mazuri yanapouliwa na mafundi wa mtaani.

Karibu na nozeli utaona pia kibati cha duara chenye uwazi, hicho ndicho mlango wa hewa. Kikiwa kimefungwa, au kimezibwa na mafuta na vumbi, jiko linakosa pumzi. Kisafishe. Baada ya kurudisha bana, na hakikisha kofia imekaa sawa kwenye vijino vyake isiyumbe, washa moto mkubwa kisha zungusha kibati hicho kidogo kidogo mpaka moto uwe wa bluu wenye koni ndogo kali katikati. Ukizidisha hewa, moto utaanza kunguruma na kuruka juu ya bana kama unataka kuhama, hapo rudisha nyuma kidogo. Kila plate ina kibati chake, usidhani ukirekebisha kimoja umerekebisha vyote.

Kama moto unakuwa wa njano siku mbili tatu za mwisho wa mtungi tu, bana ikiwa safi, hilo ni la gesi yenyewe. Ndani ya mtungi mna gesi mbili zilizochanganywa, propeni na buteni. Propeni hutangulia kutoka, buteni hubaki nyingi mwishoni na huhitaji hewa zaidi.

Masufuria yenyewe nayo yana sehemu yake. Masizi ya nje yaliyoganda yasugue yatoke. Moto usipande kwenye ubavu wa chombo. Ukiuona unalamba pembeni, punguza, kwa kuwa huo unapasha hewa. Funika kila kinachochemka. Na kikishatokota, punguza mpaka mwisho: maji yanayotokota kwa fujo na yanayotokota polepole yana joto lile lile, tofauti ni kwamba ya fujo yanageuka mvuke na wewe unaongeza mengine ya baridi.

Nimefika kwenye maharage, na hapa nataka uwe na subira, maana si jiko linalogoma, ni maharage yenyewe. Maharage yaliyokaa ghalani miezi mingi penye joto na unyevu, na Pwani ndivyo ilivyo, hubadilika ndani. Ile gundi inayoshikanisha chembe zake, ambayo kwa maharage mapya hulainika kwa maji moto, hushikana na madini ya kalisi ikawa ngumu. Unaweza kuyachemsha mpaka kesho, ganda litapasuka na kiini kitabaki na mchanga mchanga mdomoni. Utayajua sokoni: rangi imefifia kuelekea kahawia, hayang'ai, na ukiyaloweka usiku kucha asubuhi unakuta mengine yamevimba, mengine yako vile vile kama kokoto. Usinunue debe kabla hujapika nusu kilo ya kujaribia. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, na yale mapya ya Lushoto yakishuka, nunua ya miezi mitatu tu, uyatie kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali pa baridi. Juu ya kabati la jikoni karibu na jiko ndipo mahali pabaya kuliko pote.

Maji nayo yatazame. Eneo lenu lina mawe ya chokaa, kama yale ya mapango ya Amboni, na maji ya kisima penye mawe hayo huwa na kalisi nyingi. Kalisi ile ile inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika ndiyo inayokaza maharage. Pikia maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani au ya mvua, ya kisima yabaki ya kufulia.

Kwa nusu kilo fanya hivi. Chambua, osha, loweka kwenye lita 2 za maji yenye chumvi kijiko kimoja na nusu cha mezani, saa 8 hadi 12. Chumvi kwenye maji ya kuloweka hulainisha ganda, kinyume na tulivyofundishwa wengi. Mmoja wenu akiwa na presha ya kupanda, iache chumvi. Asubuhi mwaga maji yote, suuza, tia maji mapya yapite juu ya maharage kwa vidole viwili. Kama unajua ni ya zamani, ongeza magadi soda robo kijiko cha chai, isizidi, maana yakizidi yanaleta ladha ya sabuni na kuua vitamini B1. Nyanya, ndimu na ukwaju visikaribie sufuria mpaka maharage yawe laini kabisa ya kupondeka kwa vidole, kwani uchachu huyakaza. Tui la nazi, kitunguu na nyanya viingie mwishoni, dakika 15 zinatosha.

Na sasa lile litakalokuokolea gesi zaidi. Maharage yaliyolowekwa yatokote kwa nguvu dakika 20, yakiwa yamefunikwa. Dakika 10 za kwanza za kutokota kweli si za kuruka, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu, na bila hiyo mtu hutapika. Halafu zima jiko. Uwe umeshaandaa kapu kubwa la ukindu, ndani umetandika blanketi kuukuu na mto wa sufi chini. Tumbukiza sufuria na kifuniko chake bila kukifunua, funika kwa mto mwingine wa sufi unaoziba pande zote pasibaki uwazi, fungia blanketi juu. Liache saa tatu au nne. Maharage yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe na wewe umeketi. Sufuria liwe zito na lijae angalau theluthi mbili, chombo chenye chakula kidogo hupoa mapema. Ukilitoa, lirudishe jikoni litokote tena kabla ya kutia tui. Gesi iliyotumika ni ya dakika 35 hivi kwa jumla badala ya masaa matatu. Wali nao unakubali: ukitokota dakika tano, kapuni dakika 50.

Mkiweza kununua sufuria la presha, litawalipa. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa dakika 15 tangu lianze kupiga mluzi. Lisijazwe zaidi ya nusu, kwa sababu povu la maharage huziba tundu la mvuke, na kila mara kabla ya kulifunga lilete kwenye mwanga uone tundu hilo liko wazi na pete ya mpira haijapasuka. Lile la umeme ni rahisi zaidi kwa mtu asiyependa vishindo, na sufuria zima la maharage hula chini ya nusu yuniti ya Luku.

Limebaki la mzee. Mtu aliyeshika daftari la bohari miaka 31 anajua maana ya kilichoingia na kilichotoka kuliko wote waliomo mtaani kwenu. Mwombe ndiye awe anapima mtungi kila Jumapili na kuandika, pamoja na idadi ya mabirika na masufuria ya siku. Usimkabidhi kama kesi ya kumfunga. Mkabidhi kama kazi, kwa kuwa nahisi sehemu ya hayo maswali yake ni ya mtu aliyezoea kuulizwa hesabu kila siku na sasa haulizwi na yeyote. Wiki ya kwanza muache aoge kwa lita 6 kama kawaida, wiki ya pili kwa birika la lita 2 na ndoo ya lita 10. Tofauti inatakiwa ionekane kwenye mizani, karibu gramu 370 kwa wiki. Atakayeisoma ni yeye, kwa mkono wake, na wewe hutalazimika kujitetea mbele ya mtu.

Siku mtungi mpya utakapoingia, bana zikiwa zimeshasafishwa, mwambie aandike kwa chaki ubavuni mwa mtungi tarehe, uzito uliosomwa dukani na uzito mtupu. Kwa mabadiliko ya maji ya kuoga, chupa ya chai na kapu peke yake, natarajia mtungi huo ufike siku 50 na zaidi. Ukifika siku 35 tena na namba za Jumapili zinashuka sana hata zile wiki mlizopika kidogo, rudia jaribio la povu la sabuni, kisha peleka regulata kwa fundi aliyesajiliwa aipime.